Mnyapara wa Chanja za Kibirizi

Wanawake wa mwalo wa Kibirizi, ufukwe unaopokea mitumbwi ya uvuvi, walimwita Mnyapara, naye aliitika bila kinyongo. Hakuwa na cheo kilichoandikwa popote. Alikuwa mwanikaji wa dagaa kama wenzake, ila matajiri waliofika kununua mzigo walimtafuta yeye kwanza. Wakishamwambia wanataka watu wa kuanika, ni yeye aliyewaita wanawake, akawagawia chanja, kisha akapita kati yao mchana kutwa kuangalia kama dagaa wanageuzwa vizuri. Chanja ni zile meza ndefu za miti zilizotandikwa wavu, zilizopangwa ufukweni ili dagaa wakauke bila kushika mchanga. Kwa kazi hiyo ya kuita, kugawa na kusimamia hakuongezewa chochote. Nilipomuuliza kwa nini, alicheka kidogo akasema, "Wanadhani napenda tu kuongea. Na kweli napenda."

Nyumba ya Mnyapara na yetu zilitenganishwa na ua wa minyaa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na mama yangu hakupenda kuniona nimekaa. Akazungumza na Mnyapara pale pale uani, na kesho yake nikashuka naye mwaloni. Nilifikiri ni kazi ya wiki chache. Nikaifanya mpaka nilipoitwa chuo cha ualimu, na baada ya hapo nikawa narudi kila likizo, mwanzoni kutafuta nauli ya kurudi chuoni, baadaye kwa sababu yake.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na alitembea haraka hata alipokuwa hana anakokwenda. Kwa ajili ya jua alivaa shati la kiume la mikono mirefu juu ya kitenge, na kichwani kofia ya ukili iliyokwisha rangi. Hakula dagaa. Jambo hilo liliwashangaza wageni, maana alishinda nao, na harufu yao ilimfuata mpaka kanisani. Jioni alipita kwa wauza samaki kununua mgebuka, akachagua kwa muda mrefu kiasi kwamba wauzaji walimwona kwa mbali wakaanza kujipanga. Alipenda kusikiliza mpira redioni, lakini sikuwahi kujua timu yake ni ipi, kwa sababu kila mara alimhurumia aliyefungwa.

Adhuhuri, dagaa wakishageuzwa, alijilaza kivulini chini ya chanja, akajifunika kanga usoni, akalala. Tajiri mmoja mgeni alimkuta hivyo akauliza kama hiyo ndiyo kazi anayoilipia. Mnyapara hakuondoa kanga.

"Sasa hivi ni zamu ya jua, baba," alisema. "Likichoka litaniamsha."

Pale mwaloni kazi ziligawanywa na maji. Wanaume waliingia ziwani jioni na taa zao za sola, wakarudi alfajiri. Wanaume wengine, wabebaji, waliwapokea wakiwa ndani ya maji mpaka kiunoni, wakashusha mzigo. Maji yalipoishia na mchanga kuanza, ndipo kazi ya wanawake ilipoanza. Ilisemwa kwamba mwanamke akipanda mtumbwi wa uvuvi, au hata akiuruka wavu uliotandazwa, dagaa watakimbia. Mnyapara alijua kupiga kasia vizuri kuliko vijana wengi wa pale. Aliwahi kuishi Kagunga, ambako kwenda sokoni ni kwa mtumbwi. Hata hivyo, akikuta wavu umetandazwa alizunguka wote, mbali kabisa, na ndoo kichwani.

"Unaamini hayo mambo?" nilimuuliza siku moja tulipokuwa tunazunguka pamoja.

"Siamini."

"Sasa mbona unazunguka?"

"Kwa sababu siku wakikosa samaki watatafuta nyayo," alisema, "na sitaki ziwe zangu."

Ni yeye aliyenifanya nianze kuangalia jinsi watu wanavyolipwa. Kabla ya hapo niliona ni mambo yalivyo tu. Wabebaji walilipwa pesa mkononi, pale pale, kila karai lilipofika juu. Sisi tulisubiri dagaa wakauke, na matajiri wengine walitaka tusubiri mpaka wauzwe. Mara nyingi hatukupewa pesa, tulipimiwa dagaa wenyewe, wale waliovunjika vichwa. Mbebaji alimaliza kabla jua halijakolea, akaenda kulala au kutafuta kibarua kingine mjini. Sisi tulibaki mpaka jua linateremka upande wa Kongo, na bado yeye alikuwa amepata zaidi. Nilidhani ni kwa sababu ya uzito. Nilipomwambia Mnyapara hivyo, hakubishana. Alinitwisha karai la dagaa wabichi kutoka mchangani mpaka chanja ya mwisho, akanirudisha kuchukua lingine, na lingine, mpaka nilipoomba tukae.

"Ni karai lile lile," alisema. "Likivuka mchanga linabadilika jina."

Kisha akanisimulia mazungumzo aliyokuwa nayo na tajiri mmoja zamani. Alikuwa amemuuliza kwa nini vijana wa kubeba wanapewa zaidi. Tajiri akajibu kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba vijana wale wana familia.

"Nikamwambia, na sisi je, watoto tumewaokota? Akasema, ninyi mna waume. Nikaenda nyumbani nalo hilo. Mbebaji analipwa vizuri kwa sababu ana mke. Mke wake halipwi vizuri kwa sababu ana mbebaji. Na wewe ambaye huna mbebaji, unaingia wapi hapo?"

Wengi wetu hatukuwa na mbebaji. Kulikuwa na wajane, walioachwa, waliokuwa na waume waliokwenda machimboni wakanyamaza huko, na wasichana kama mimi. Lakini bei ilipangwa kana kwamba kila mmoja wetu ana mwanamume nyumbani anayetosha.

Mahali ilipopangwa palikuwa benchi la kahawa. Alfajiri, kabla mitumbwi haijagusa mchanga, wabebaji, wenye vyombo na matajiri walikaa kwenye kibanda cha mabati karibu na maji, na vikombe vidogo mkononi. Waliongea mpira, mvua, bei ya mafuta ya boti, na katikati ya maongezi hayo bei ya siku ilikuwa inapatikana. Hapakuwa na kikao. Mmoja alisema leo mzigo utakuwa mwingi, mwingine akasema basi muongeze kidogo kwa karai, tajiri akaguna, na mguno huo ukawa makubaliano. Saa hiyo wanawake wote tulikuwa nyumbani, tunawasha moto, tunakoroga uji, tunavalisha watoto sare. Tulipofika chini, tajiri alikuwa ameshagawa fedha yake kichwani, na kilichobaki ndicho kilichoitwa malipo ya kuanika.

Mnyapara aligundua hilo kwa bahati. Alikuwa amempeleka jirani mgonjwa zahanati mapema, na wakati wa kurudi akapita mwaloni kungali giza kidogo, akasimama nyuma ya kibanda kufunga kiatu. Akasikia bei ya siku ikizaliwa. Aliniambia alibaki ameinama muda mrefu baada ya kiatu kufungwa.

Kesho yake akaenda akakaa kwenye benchi.

Kwa mtu asiyefahamu mwalo, hilo ni jambo dogo. Lakini hapakuwa na mwanamke aliyekaa pale. Wanawake walionunua kahawa walinunua wakiwa wamesimama, wakaondoka nayo. Yeye alikaa mwisho wa benchi, akaagiza kikombe na kashata, akawaamkia waliomzidi umri na kuamkiwa na vijana. Mazungumzo yakakatika. Mtu akakohoa. Akanywa kahawa yake taratibu, na bei ilipotajwa akauliza, "Na wa kuanika je?"

Wakacheka, si kwa ubaya. "Mama, hayo tutaongea baadaye," tajiri akasema.

Akaaga, akaondoka. Siku iliyofuata akarudi na swali lile lile.

Habari zilimfikia mume wake kabla yeye hajafika nyumbani. Alikuwa fundi wa kushona nyavu, mtu wa maneno machache, anayekaa mlangoni na sindano yake ya mti kuanzia asubuhi. Wanaume wawili walikwenda kumweleza kwamba mkewe anakaa na wanaume kwenye kahawa. Mimi nilikuwa uani kwetu nafua, nikasikia yote.

"Wanampisha nafasi ya kukaa?" aliuliza.

"Anakaa, ndiyo."

"Vizuri," akasema, akaendelea kushona. "Maana akirudi jioni hulalamika miguu."

Mnyapara alipoletewa hadithi hiyo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Jioni hiyo alimpikia mumewe mgebuka mzima, na sisi majirani tukanusa tu.

Baada ya muda waliizoea sura yake pale, na hilo likamtia wasiwasi zaidi. Swali lake lilikuwa limegeuka sehemu ya kahawa. Wakimwona wanamtania kabla hajauliza: "Na wa kuanika je?" Alituambia, tukiwa tumekaa chini ya chanja, kwamba mtu mmoja akiuliza kila siku anakuwa kichekesho cha asubuhi. Ilibidi tuwepo wote.

Hapo ndipo tulipokwama. Wanawake walitaka kushuka mapema, lakini watoto wangeachwa na nani? Wakubwa wangeweza kujiandaa, wadogo hapana. Mwenzetu mmoja alijaribu kuja na mtoto mgongoni alfajiri, upepo wa ziwa ukamshika mtoto kifua, naye akakosa kazi wiki nzima akimuuguza. Kwa hiyo Mnyapara akapanda mlimani kwa bibi mmoja mjane, aliyekuja kutoka Burundi miaka mingi iliyopita na kubaki na wajukuu wake. Tulimwita Bibi Mlezi. Mikono yake haikuweza tena kuinua karai, lakini macho yalikuwa mazima na sauti yake ilitosha kumtoa mtoto juu ya mti. Alikubali kuwapokea watoto kungali giza, kuwanywesha uji, kuwafikisha wanafunzi barabarani na kushinda na wadogo.

Siku chache baadaye tulikaa kwake kukubaliana tumpe nini. Tulikuwa uani, watoto wanacheza, naye amembeba mmoja mgongoni anamtikisa alale. Mtu akasema kopo la dagaa kwa wiki litatosha. Mwingine akasema ni jingi. Mimi nilikuwa msichana nisiye na mtoto, nikawaachia wao. Mnyapara alikuwa amechoka, ametoka juani, akasema, "Kopo linatosha. Kwani kuna kazi gani? Anakaa tu na watoto."

Bibi Mlezi aliendelea kumtikisa mtoto.

"Ego," alisema, ndiyo ya kwao. "Mimi nakaa tu na watoto. Kama ninyi mnavyokaa tu na dagaa."

Hakupandisha sauti. Nakumbuka Mnyapara aliangalia mikono yake, akaigeuza, akaiangalia upande wa pili. Tulikuwa tumewasikia matajiri wakisema maneno hayo mara nyingi: mbebaji anafanya kazi, ninyi mnakaa mchangani. Kisha akasema, "Bibi, sema mwenyewe unataka nini."

Bibi alitaka anachopata mmoja wetu, na akipate siku tunayopata sisi. Kulikuwa na manung'uniko, kwa sababu kila mtu aliona fungu lake linapungua, na mmoja alisema waziwazi kwamba bora akae nyumbani na wanawe. Mnyapara hakumlazimisha mtu. Alisema yeye, ambaye wanawe walikuwa wakubwa, atatoa sawa na wengine. Tukakubali, wengine kwa uso mzito. Yule aliyekataa alirudi kabla mwezi haujaisha.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwanzoni mwa mvua. Siku za giza, zisizo na mwezi, zilikuwa zimerudi, na taa za wavuvi zilikuwa zimejaa ziwani kama mji mwingine. Tuliposhuka, milima ya Kongo ilikuwa imefunikwa wingu. Mitumbwi ilikuja imezama mpaka karibu na ukingo kwa uzito wa dagaa. Mzigo kama huo usipotandazwa mapema, na mvua ikaja mchana, unaoza wote.

Mnyapara alikuwa kwenye benchi. Sisi tulisimama nyuma ya kibanda, tumejifunga kanga, hatukuwa tumewahi kuonana wote saa ile. Bei ya kubeba ikatajwa. Akaweka kikombe chini.

"Na wa kuanika je?"

"Tutaongea baadaye, mama," alisema tajiri, kijana wa kutoka Dar es Salaam, jaketi limefungwa mpaka kooni. "Unaona mzigo ulivyo."

"Nauona. Baadaye ni saa ngapi, ili niwaambie wenzangu waje saa hiyo?"

Tajiri akatazama ziwani, akatazama wingu. "Usinifanyie hivyo leo. Nitatafuta waanikaji wengine."

"Wapo," alisema Mnyapara. "Wako hapo nyuma yako."

Akageuka akatuona. Nadhani alitegemea kelele, lakini tulisimama tu tunamtazama. Tulijua kwamba akiondoka na kwenda kununua kwenye mwalo mwingine, nyumba nyingi hazitapika usiku ule, na lawama zitamwangukia mtu mmoja.

Aliyeongea hakuwa mmoja wetu. Kiongozi wa wabebaji alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kukwaruza, aliyemtania Mnyapara kuliko wote. Alimaliza kahawa yake, akasimama.

"Tajiri, mjibu mama," alisema. "Sisi tukishusha tutaweka wapi? Mchangani? Halafu utasema wabebaji wamekuharibia mzigo." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mke wangu ni yule mwenye kanga ya njano. Akirudi bila kitu, nyumbani pangu hapakaliki."

Watu wakacheka, na tajiri naye akacheka, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukataa. Wakaongea. Hawakuongea kwa muda mrefu. Walikubaliana kwamba malipo ya kuanika yatatajwa asubuhi pale pale bei ya kubeba inapotajwa, yatakuwa ya pesa, na yatatolewa siku hiyo hiyo dagaa wakishageuzwa, bila kusubiri soko. Mvua ilinyesha alasiri, lakini tulikuwa tumewahi kukusanya. Tulipokea pesa zetu tukiwa tumelowa, na mwenye kanga ya njano alizishika juu kumwonyesha mumewe kwa mbali.

Sitaki kuifanya hadithi iwe kubwa kuliko ilivyokuwa. Malipo yetu hayakulingana na ya wabebaji siku ile, na hayakulingana baadaye. Mzigo ulipokuwa mdogo wapo matajiri waliorudia mtindo wa zamani, na ilibidi kuanza tena. Lakini hatukupimiwa tena waliovunjika vichwa kama mshahara. Nilimuuliza Mnyapara kama ameridhika. Alifikiri kwa makini, akasema ameridhika, na kwamba kesho ataenda tena kuuliza.

Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine kidogo. Maji ya kuoga ya mwanawe wa kiume yalipelekwa na dada yake. Binti yake alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko kaka yake, mimi nilikuwa nawasaidia wote wawili nikaona, lakini wakati wa mitihani aliyesamehewa kupika alikuwa kaka. Siku moja alileta fundi kupiga lipu ukuta wa nyuma, na fundi akaja na msichana wa kumsaidia kubeba maji na mchanga. Mnyapara alikubali bei ya fundi bila neno, kisha akaanza kubishania ya msichana mpaka ikabaki nusu. Nilikuwa nimesimama uani nikashindwa kuvumilia.

"Mnyapara," nilisema, "si ndiye anayebeba karai?"

Alicheka kwa aibu, mkono umeziba mdomo. "Ulimi umezoea, mwanangu. Unakwenda wenyewe." Akamrudishia msichana bei yake ya kwanza, na mchana akampa chakula kilichojaa kuliko cha fundi, na fundi akaona.

Naamini ni baada ya hapo alipoanza kumwangalia binti yake kwa jicho lingine, ingawa hakuwahi kuniambia hivyo. Ninachojua ni kwamba kaka alipoanza chuo cha ufundi, mwaka uliofuata dada naye akapelekwa, akasome kutengeneza majokofu. Majirani waliuliza nani ataoa fundi wa majokofu. Mama yake alijibu kwamba mtu mwenye jokofu bovu.

Nikimkumbuka siku hizi, zaidi namwona katika siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanavuta mitumbwi mchangani na mwalo wote unapumzika. Wengine waliziogopa siku hizo kwa sababu hazina kipato. Yeye alizipenda bila kujificha. Alitoa mkeka nje, akasukwa nywele, akasuka wengine, akapika maharage ya mawese kwenye sufuria kubwa na kumwita kila aliyepita njiani. Mumewe alileta wavu wake akakaa karibu, si mbali sana na maongezi. Watoto waliimba, yeye akaitikia kwa sauti mbovu kuliko zote, na hakuna aliyemkataza. Bibi Mlezi alipewa kiti chenye mgongo.

Mwaka huu nilimtembelea Ujiji, ninakofundisha. Ameacha chanja kwa hiari yake na amehamia kwa binti yake, ambaye ana karakana ya majokofu karibu na soko. Nilikwenda alasiri moja baada ya vipindi, nimembeba mwanangu mdogo. Nilimkuta amekaa mlangoni pa karakana, anachambua mboga, amenenepa, amependeza.

"Shikamoo, Mnyapara."

"Marahaba, mwalimu. Kaa. Huyu ndiye wa mwisho au bado unaendelea?"

Tukiwa tumekaa, mteja mmoja alifika akilalamika kwamba fundi wa mwanzo alishindwa kutengeneza jokofu lake, akachungulia ndani, akamwona binti wa Mnyapara ameinama nyuma ya jokofu na bisibisi mkononi.

"Fundi yupo?" aliuliza.

"Unamwona," alisema Mnyapara.

"Namaanisha fundi mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye huyo. Na bei yake ni ile ile uliyolipa kwa fundi wa mwanzo ambaye hakuliponya."

Mteja akacheka, akaingia. Ndani nikamsikia binti akimwuliza tatizo limeanza lini, kwa sauti tulivu ya mtu aliye kazini.

Mnyapara akaendelea na mboga. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza miaka yote: kama mwalimu mwanamke na mwalimu mwanamume wanalipwa sawa. Nilimwambia ndiyo, ngazi ikiwa moja mshahara ni mmoja. Alifurahi sana. Akanitaka nirudie, nikarudia.

"Na mwalimu mkuu anapata zaidi?"

"Ana posho ya madaraka."

"Mwalimu mkuu wenu ni mwanamke?"

"Mwanamume."

"Na aliyemtangulia?"

"Mwanamume."

Aliacha mboga, akanitazama. Ikabidi nimweleze. Nilimwambia kwamba afisa elimu ameniuliza wiki ile kama niko tayari kwenda kuwa mwalimu mkuu Kagunga. Nilimweleza pia sababu zangu, na nilikuwa nimezipanga vizuri: kufika kule ni kwa boti, mtoto bado mdogo, mume wangu ana kazi yake mjini, wakwe watasemaje, na kwamba wanaume huulizwa mambo haya wakajibu siku hiyo hiyo kwa sababu mtu wa kubaki nyumbani yupo. Mume wangu, nilikiri, hakuwa amekataa. Alikuwa amesema anaweza kuomba uhamisho, mimi ndiye niliyemwambia asubiri kwanza.

"Jibu linatakiwa lini?"

"Jumatatu."

Alinichukulia mtoto, akampakata, akampa jani la mchicha alichezee. Nilisubiri anihimize, au anikumbushe mambo ya Kibirizi, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu. Badala yake alianza kunieleza Kagunga. Asubuhi ziwa hutulia, alisema, kwa hiyo nipande boti ya mapema. Migebuka ya kule ni minono. Wanawake wa pale ni wakarimu, lakini wanachukua muda kumzoea mgeni, nisiumie. Nyumba nichague ya juu kidogo, upepo mzuri.

"Mimi nitakuja wakati wa likizo," alisema. "Nitakaa wiki mbili. Uwe na kitanda cha pili."

"Mnyapara, sijasema nakwenda."

"Ndiyo, hujasema," alikubali, akamwinua mtoto juu kumtazama usoni. "Kisiwe cha chuma. Vya chuma vina kelele."

Nilirudi nyumbani magharibi. Mume wangu alikuwa anamenya viazi, akaniuliza Mnyapara hajambo. Nilimwambia hajambo, na kwamba kesho tupite kwa fundi seremala, tumuulize kuhusu kitanda.